Kiduara Kwenye Herufi Nisiyoisikia

Mimi huandika polepole. Mkono wangu hauna tatizo; umelima maharage kijijini kwetu Murukulazo tangu nikiwa na miaka saba. Tatizo ni herufi mbili. Nikifika kwenye neno lenye l au r, husimama. Nyumbani kwetu tunasema Kihangaza, na masikio niliyolelewa nayo hayakuzitenganisha sauti hizo. Shuleni, wakati wa imla, wenzangu walikuwa wameshafika sentensi ya tatu, mimi bado najiuliza kama watoto wa kwenye kitabu wanakwenda kulala au kurara. Nilimaliza darasa la saba nikijua kusoma vizuri, kuhesabu vizuri zaidi, na kunyamaza kuliko yote hayo. Nikinyamaza hakuna aliyenicheka.

Kazi niliisikia kanisani. Baada ya misa lilisomwa tangazo kwamba mwalimu mmoja wa chuo kikuu anatafuta watu wanaojua Kihangaza na Kiswahili, wanaoweza kukaa kwa muda mrefu na kusikiliza. Cheti hakikutajwa. Mama alinigusa kwa kiwiko. Tulipotoka nje akasema, "Kukaa kimya ndiyo kazi unayoijua. Nenda."

Hivyo nikafika Biharamulo. Nikapanga chumba kwa bibi mmoja wa mjini, Mwislamu, ambaye ukoo wake ulikuja kutoka pwani na biashara ya nguo zamani sana na haukurudi. Anauza kanga na vitenge sokoni, na nyingine ameziweka sebuleni, zimepangwa hadi karibu na dari. Siku ya kwanza nilimwomba kalamu. Alinitazama kwa uchungu wa kuigiza.

"Mjukuu wangu, karamu mimi sina uwezo nayo. Labda nikupikie wali."

Tangu hapo nikawa Mhangaza wake.

Mwalimu aliyenichukua alikuwa mwanamke, si mzee, mwenye mwendo wa haraka. Wanafunzi walimwita madam, nami nikamwita hivyo. Alikuwa akifundisha shahada ya kwanza mambo mawili kwa pamoja: namna ubongo unavyofanya kazi, na namna akili mnemba inavyofanya kazi. Wanafunzi wake ishirini na tisa walikuja Biharamulo kujifunza kwa vitendo. Walikuwa wanatengeneza mashine ya kusikiliza Kiswahili kinavyosemwa huku kwetu, ili siku moja mkulima aongee na simu kwenye zahanati na maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema. Sauti zilikuwa zimeshakusanywa kutoka Lukole, Murukulazo na kwingineko, watu wakisimulia maisha yao. Kazi yangu ilikuwa kuvaa hedifoni, kusikiliza, na kuandika kwenye daftari. Wanafunzi walichapa nilichoandika na kuilisha mashine.

Madam alinieleza mashine inavyofundishwa, nami nikaelewa kwa njia yangu. Ni kama unavyomfundisha mtoto kupalilia. Mwanzoni anang'oa maharage na kuacha magugu. Unamwonyesha: hili siyo, hili ndiyo. Hajui sababu, lakini baada ya matuta mengi anakosea mara chache. Mashine nayo inapewa sauti, inabahatisha neno, inaonyeshwa lililoandikwa, inajirekebisha. Maana yake ni kwamba nilichokiandika mimi ndicho kilichokuwa "hili siyo, hili ndiyo" yake. Nilipoelewa hivyo, sikulala vizuri siku mbili.

Jambo lililonituliza lilikuwa kuona wasomi wakifuta. Madam aliwagawia vitini alivyotoa nakala kabla ya safari, na karibu kila asubuhi mwanafunzi mmoja aliinua simu.

"Madam, imetoka mashine nyingine. Inafanya kazi ya ile ya jana kwa nusu ya muda."

Madam alisoma, akakuna kichwa kwa kifuniko cha kalamu. "Sawa. Ukurasa wa kumi na nane, futeni aya ya pili."

"Tulishaifuta juzi, madam."

"Basi futeni ya tatu."

Kuna kitini kilichobaki na jalada na kurasa nne tu. Madam aliniambia, tukinywa chai ya rangi nje ya ukumbi tuliofanyia kazi, kwamba shida yake ndiyo hiyo. Anawafundisha kitu Machi, Septemba kimepitwa, na wakihitimu watakuta mengine kabisa. "Natafuta hata somo moja," alisema, "ambalo hawatalifuta." Nilifikiri maneno hayo hayanihusu.

Mwenzangu wa kwanza kwenye kazi ile alikuwa kijana mwenye cheti cha kidato cha nne. Aliandika haraka sana na baada ya wiki mbili akapata kazi nyingine. Alisikiliza sentensi nzima, akaiandika yote kwa mkupuo. Mimi sikuweza. Nilisikiliza neno moja, nikasimamisha, nikaandika, nikaendelea na lingine. Na kwenye neno lenye herufi zangu mbili, kama sikuwa na hakika, niliandika moja, nikaizungushia kiduara kidogo. Maana ya kiduara ilikuwa: hapa sikusikia. Hakuna aliyenielekeza. Niliona haya kuandika uongo kwenye kitu kitakachofundisha kingine.

Mwanzoni nilidhani viduara ni ugonjwa wangu peke yangu. Kisha siku moja mchana nilikuwa nafanya kazi sebuleni kwa Bibi, umeme ukiwa umekatika ukumbini, kompyuta inatumia chaji yake. Hedifoni ilikuwa imekufa upande mmoja, nikaachia sauti itoke wazi. Mzee wa Lukole alikuwa akisimulia: "Kijana wangu alipotaka kuoa, nilimpa ma—" na neno lile. Nikasimamisha. Bibi alikuwa anakunja kanga.

"Bibi, amesema nini hapo?"

"Mahari. Hata hilo hulisikii?"

Nikaandika mahari. Nikaendelea. Mzee akamalizia: "akasema panatosha." Bibi akainua kichwa.

"Amesema mahali. Kampa mahali, pa kujenga. Panatosha."

"Umesema mahari, Bibi."

"Sikusema."

Nikarudisha sauti mpaka kwenye neno, nikaisimamisha palepale. Bibi, ambaye hajawahi kukosea l na r maishani mwake na hakuacha mtu yeyote sokoni asijue hilo, akasikiliza na kusema sasa ni mahali, anaisikia wazi kabisa. Nikamwambia ni sauti ileile, haijabadilika hata kidogo. Akakaa juu ya furushi.

"Basi mzee wako ana ndimi mbili," akasema. "Rudia tena."

Tulirudia mpaka chaji ikaisha. Nikaona kitu ambacho mwenye kuandika haraka hakioni, kwa sababu yeye hasimami katikati. Bibi hakuwa anasikia l. Alikuwa anasikia "kuoa", kichwa kikamletea mahari. Akasikia "panatosha", kichwa kikamletea mahali. Kisha kichwa kikamwambia kwamba ni sikio lililosema. Sikio langu na la Bibi, mbele ya mzee yule, yalikuwa sawa. Tofauti ni kwamba mimi nilijua sijasikia.

Sikumwambia mtu. Niliendelea na viduara vyangu, kwa amani zaidi.

Mwezi wangu wa tatu kazini ulikuwa unaisha na nilikuwa na madaftari sita yaliyojaa. Asubuhi moja nilikuwa kwenye kona yangu ya ukumbi, hedifoni masikioni lakini hakuna sauti, na wanafunzi hawakujua kuwa nawasikia. Kiongozi wa darasa lao, kijana wa Tanga mwenye sauti ya kutangaza mpira, alisimama.

"Madam, tatizo la mashine tumelipata. Ni madaftari ya dada. Palipo na kiduara, mashine haijui iweke nini. Inakwama."

"Wewe ukisikiliza unajua?" madam aliuliza.

"Mimi mtu wa Tanga, madam. Herufi hizi tumezaliwa nazo."

"Huyu hata akipiga chafya ni kwa Kiswahili fasaha," mmoja akasema, na ukumbi ukacheka.

"Cheka tu. Napendekeza tuyaondoe yote sita, tusikilize upya wenyewe. Tukigawana, siku tatu tumemaliza." Kisha akageuka, akaona kwamba namtazama. Akashusha sauti na, nimtendee haki, alisema kwa heshima. "Dada, si kwa ubaya. Umejitahidi."

Kwetu neno hilo wanaambiwa walioshindwa.

Nilijua kitakachofuata. Madaftari yakiondolewa, kazi yangu imekwisha, narudi Murukulazo na begi langu, na kila mtu aliyekuwa darasa moja nami atajua kwamba miezi mitatu ya maandishi yangu imetupwa na watu wenye digrii, na kwamba walichokuwa wakikisema juu ya maandishi yangu ni kweli. Niliinamia daftari la sita.

Madam alinifuata nje. "Viduara vile viliingiaje?"

Nikamweleza, nikiangalia viatu vyake. Nilimweleza kuhusu mzee wa Lukole, na Bibi, na panatosha. Alikuwa ameshika funguo za gari, akaacha kuzichezea.

"Rudia hapo kwenye kuoa."

Nikarudia.

"Jumamosi utawaeleza wewe."

"Madam, mimi ni wa darasa la saba."

"Nimekuuliza darasa?"

"Ukieleza wewe wataelewa vizuri."

"Nikieleza mimi nitaeleza haraka. Watafikiri ni kitu cha kuandika na kufuta." Akafungua mlango wa gari. "Sitawalazimisha, mdogo wangu. Kazi ni yao. Ukimaliza, watapiga kura. Wakisema madaftari yatoke, yatatoka."

Siku tatu zilizobaki kabla ya Jumamosi, Bibi alinifundisha kusema. Alinisimamisha mbele ya zile kanga za sebuleni. "Hawa ndio wanafunzi wako. Hizi za bluu zinasikiliza. Hizi nyekundu wakorofi, usizitazame mpaka ukolee." Nilianza kwa kunong'ona. Bibi akawa anajibu kwa niaba ya zile nyekundu, kwa sauti ya kebehi: "Dada, umesoma wapi?" Mara ya kwanza nilitoka nje. Mara ya tano nilijibu, "Murukulazo. Na wewe?" Bibi akapiga mapaja yake akicheka, akasema kanga nyekundu zimenyamaza.

Jumamosi ukumbi ulijaa mapema. Madam alikuwa ameniwekea kompyuta na spika mbili, na kunikatia sauti ya mzee wa Lukole vipande vipande, kama nilivyomwomba. Nilisimama.

Sikuwasalimia wote kwa pamoja, nilisahau. Nilisema tu, "Sikilizeni neno hili. Andikeni mlichosikia. Msiangaliane." Nikabonyeza. Neno moja, peke yake, bila sentensi. Nikabonyeza tena. Kisha nikawaomba wanyooshe mikono. Kumi na sita walikuwa wameandika mahari, kumi na watatu mahali. Kiongozi aligeuka nyuma akaona mikono, akacheka kidogo. Yeye alikuwa na mahari.

"Sasa andikeni tena," nikasema. Nikaongeza mwanzo: kijana wangu alipotaka kuoa, nilimpa. Mikono yote ikawa mahari. Wale kumi na watatu wakatikisa vichwa kwa aibu ya kukosea.

"Andikeni tena." Nikaachia mpaka mwisho. Akasema panatosha.

Pakawa na mnong'ono ukumbini kama wa nyuki. Nikabonyeza lile neno peke yake kwa mara ya mwisho.

"Mnasikia nini?"

"Mahali," wakasema karibu wote.

"Kuna sauti iliyobadilika?"

Msichana wa mstari wa mbele akasema polepole, kama anajisemea, "Mimi naisikia kabisa hiyo l."

"Hata bibi yangu aliisikia," nikasema. "Yeye ni mtu wa pwani."

Walicheka, na kicheko hicho hakikuwa juu yangu. Nilihisi mabega yakishuka. Nikawaambia niliyoyafikiri sebuleni kwa Bibi: kwamba sikio linaleta kidogo, kichwa kinajaza kilichobaki, na hakikuambii kwamba kimejaza. Nikawaambia kiduara changu kinamaanisha kwamba hapa amejaza mtu, hakusikia. Nikaona madam nyuma ya ukumbi anaandika. Wanafunzi nao walikuwa wanaandika. Watu wa chuo kikuu walikuwa wanaandika ninachosema, na wengine waliniomba nirudie, kwa sababu hawakuwahi.

Kiongozi akanyoosha mkono. Sikujua kwamba mwenye kufundisha ndiye anayemruhusu, akakaa na mkono juu mpaka madam akaniashiria.

"Dada, nimekubali hapo. Lakini mwisho wa sentensi umetuokoa. Maana yake tukisikiliza sentensi nzima tunapata jibu. Kiduara cha nini?"

Lilikuwa swali zuri. Zile kanga hazikuniuliza hilo. Kisha nikakumbuka mama mmoja wa Murukulazo, daftari la nne. Nikamwomba madam atafute sauti yake. Mama alikuwa akisimulia utoto wake: "Siku ya kufunga shule, padri alitupa ka-amu, tukafurahi sana."

"Karamu," kiongozi akasema papo hapo. "Padri, kufunga shule, watoto wamefurahi. Walikula."

"Mashine imesemaje?"

Mwanafunzi mmoja akaangalia. "Karamu. Na ina uhakika mkubwa."

"Mimi pia nilidhani karamu," nikasema. "Lakini niliizungushia kiduara. Namfahamu huyu mama. Tumpigie."

Nilimpigia kwa simu yangu, nikaiunganisha na spika. Nikamsalimia na kumuuliza kwa Kihangaza, maana kwetu kalamu na karamu ni vitu vyenye majina yasiyofanana hata kidogo. Akashangaa kwamba kuna watu wanaojali jambo hilo. Kisha akajibu, nami nikawatafsiria.

"Anasema ilikuwa kalamu. Kila mtoto moja."

"Na wakafurahi hivyo kwa kalamu?" kiongozi akauliza, bado anapigana.

Nikamuuliza. Mama akacheka kwenye simu mpaka spika zikakoroma.

"Anasema haikuandika hata siku moja. Lakini ilikuwa nyekundu."

Ukumbi ulilipuka. Mtu wa Tanga aliweka kichwa juu ya meza na wenzake wakampigapiga mgongoni. "Ndugu, umezaliwa nazo," mmoja akamwambia. "Ulizisahau wodini."

Madam alikuja mbele. Hakueleza mengi. Alisema kwamba mashine yao ilikosea na ilikuwa na uhakika, na kiongozi wao alikosea na alikuwa na uhakika, na kwamba ubongo na mashine vimekutana hapo, kwenye kujaza bila kusema. Mashine za mwakani zitakuwa nyingine, alisema, lakini swali la kuziuliza litakuwa hilo: hapa umesikia, au umejaza? Kisha akasema, "Kitini hiki sijakiandika. Kiandikeni wenyewe." Akaitisha kura.

Mikono ilipanda. Nilihesabu, kwa sababu kuhesabu sikosei. Ishirini na tisa wote walitaka madaftari yabaki. Wa kiongozi ulikuwa juu kuliko mingine, na aliutikisa ili nimwone.

Wiki iliyofuata walibadilisha mashine. Badala ya kulazimishwa kuchagua l au r, ilipewa nafasi ya tatu, na nafasi hiyo ilifundishwa kutoka kwenye viduara vyangu. Siku walipoijaribu kwa sauti ambayo haijawahi kuisikia, ya mwanamke muuza ndizi, iliandika maneno sita vizuri, na kwenye la saba ikaweka kiduara. Nilivaa hedifoni nikasikiliza lile neno. Nikasikiliza tena. Wote walikuwa wananitazama.

"Hata mimi sijui," nikasema.

Walishangilia kama goli limeingia. Madam alitoka nje akapiga simu chuoni, na kutoka dirishani nilimsikia akisema kwamba anahitaji mtu wake abaki mpaka mwisho wa mradi, na aandikwe kama mkufunzi wa kusikiliza. Sikujua kama cheo hicho kipo. Nilimwandikia mama ujumbe, nikautazama kwa muda mrefu kabla ya kuutuma, kwa sababu neno mkufunzi halina l wala r na sikuamini kwamba nimemaliza kuliandika haraka hivyo.

Jumatatu walianza darasa langu. Wanafunzi kumi kwa zamu, kila mmoja na daftari na sauti moja ya dakika tano, kusikiliza neno kwa neno na kusimama. Wengi waliona ni mateso. Kiongozi alimaliza wa kwanza, akaniletea kazi yake kwa mikono miwili kwa mzaha, kama mtoto wa shule.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba," nikasema, ingawa ananizidi miaka.

Nilisoma kurasa zake zote. Mwandiko mzuri, mstari umenyooka. Viduara vilikuwa viwili tu. Nikavaa hedifoni, nikasikiliza sauti ileile kutoka mwanzo, yeye akiwa amesimama. Ilichukua muda. Alihamisha uzito wa mwili kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, akaangalia saa, akaacha kuangalia.

Nikamrudishia daftari.

"Umejaza mahali tisa," nikamwambia. "Nenda ukasikilize."